Nyundo ya Chama

Jumatatu, 9 Machi

Immaculate ameingia jioni hii na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akakalia ndoo kabla hata ya kunawa, akasema, "Mami, Bethwel amesema huenda nikapanda juu."

Wacha nikae niandike vizuri, maana hii ni habari ya kuandikwa. Immaculate ni kifungua mimba wangu, na ni fundi wa mbao. Sio wa viti na vitanda. Wa paa. Bethwel ndiye msimamizi wao. Tangu mwaka jana amemweka chini: kupima, kukata, kupitisha mbao kwa wale walio juu. Sasa wakulima wa viazi kule Kuresoi wamejiunga wajenge ghala kubwa, na wanataka paa liwe limesimama kabla viazi havijang'olewa. Bethwel anapeleka watu wanne wa kupigilia huko juu. Watatu amepata.

"Na wewe unakosa nini?" nikamuuliza.

"Nyundo."

Ile aliyo nayo ni nyepesi, ya kupigia fremu ya picha. Ukitaka kuingiza nayo msumari wa inchi sita utakesha hapo. Na Bethwel ana sheria yake: anayepanda juu anakuja na nyundo yake nzito. Hataki watu wakopeshane nyundo.

Nimemwambia Khaemba, mume wangu. Amesema, "Mm." Nimewaambia majirani wa pande zote mbili. Jamaa wa mkokoteni wa maji pia nimemwambia, kwa sababu alikuwa hapo.

Jumatano, 11 Machi

Upepo na vumbi. Nimefua nguo zile zile mara mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Tumeenda mjini, mimi na Immaculate, hadi kwa Darweshi wa hadiwea. Watu wake wako Nakuru hii tangu zamani, na bado anaongea Kiswahili laini cha pwani mpaka mtu unajisikia mgeni. Mlangoni ameweka gogo la mkaratusi ili mteja ajaribu nyundo kabla hajanunua.

"Karibu mama. Karibu binti. Mnajenga?"

"Huyu ndiye anajenga," nikasema. "Mimi nimezaa tu."

Nilidhani ni kazi ya kuingia na kutoka. Kumbe! Immaculate alishika moja baada ya nyingine, akaiacha ining'inie mkononi, akazungusha kifundo cha mkono, akairudisha. Hakutazama rangi hata kidogo. Yenye mpini wa chuma aliipiga kwenye gogo, akasema inamrushia mtetemo hadi kwenye kiwiko. Yenye makucha yaliyopinda aliiacha, akasema anataka makucha yaliyonyooka, ya kupenya kati ya mbao mbili na kuzitenganisha. Mwisho akabaki na moja ya mpini wa mti, uso laini, uzito wa katikati. Akaingiza msumari mmoja, wa pili, wa tatu, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mimi macho yangu yalikuwa ukutani, juu kabisa. Hapo palikuwa na nyundo, jamani. Kichwa kama ukwato wa ng'ombe, mpini mrefu, na uso wake umechongwa vijimeno kama kile kibati cha kukwaruzia karoti, ati isiteleze kwenye kichwa cha msumari ukilowa mvua.

"Si uchukue hiyo?" nikamwambia.

"Mami, hiyo msumari wa kwanza hata wewe utaupiga. Shida ni ule wa mwisho kabla ya chai ya saa nne."

Darweshi akacheka. "Mama anataka nyundo ya kwenda vitani."

Sikufurahia sana, lakini nilicheka pia. Hatukununua. Mwezi huu ni zamu yangu kwenye chama, na nimepata wazo.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya ibada nimesimama na Njoki langoni. Njoki huchukua viazi Kuresoi na kuviuza sokoni, na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha vyombo. Nilimwambia kuhusu Immaculate. Nikaongeza kidogo. Nilisema anaingiza msumari ukiwa bado unafikiria.

Alhamisi, 19 Machi

Wingu zito juu ya mlima Menengai mchana kutwa, halafu likaenda zake.

Jumapili, 22 Machi

Chama kilikaa kwangu kupanga. Kwetu ni hivi: kila mwezi kina mama wote wanaenda kwa mmoja wao na kumpelekea chombo cha nyumba. Sufuria, thermos, sahani za wageni. Halafu wakikutana tena ni lazima waulize kile chombo, na wakitaka wanakuja kukiona kama kinatumika. Kuna mmoja aliuza thermos aliyopewa. Jina lake siku hizi halitajwi hata kwa maombi.

Nikasimama nikasema mimi sitaki sufuria. Nataka nyundo.

Kelele! Akoth, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema, "Mama Immaculate, hiyo nyundo itapika ugali ama itatwanga njugu?"

"Itajenga nyumba ya kuweka hizo sufuria zenu."

"Katiba inasema vyombo," mwingine akasema.

"Nyundo ni chombo. Muulize fundi yeyote."

Njoki alifikiria, akapiga meza. "Sawa. Nyundo. Lakini tutachagua sisi wenyewe. Zawadi haichaguliwi na mwenye kupewa."

Hapo ndipo ningesema, nendeni kwa Darweshi, ulizeni ile ya mpini wa mti. Badala yake nikasema, "Chagueni kubwa! Msiniletee kitu cha aibu. Yule mtoto ana mkono kama wa dume."

Jumamosi, 28 Machi

Wamekuja! Njia nzima ya mtaa wetu, Free Area, imewaona. Walikuja wakiimba, Njoki mbele, nyundo imefungwa kwa leso nyekundu na kubebwa kama mtoto wa ubatizo. Chai ikanywewa, maombi yakafanywa, nyundo ikawekewa mikono. Ilipofunguliwa ilikuwa ile ya ukutani. Ile ile. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Immaculate alipiga magoti akaipokea kwa mikono miwili, akawashukuru mmoja mmoja. Nilijivunia adabu yake kuliko hata nyundo. Wageni walipoondoka, Khaemba aliinyanyua, akaipima, akasema, "Hii ni ya kuangusha ng'ombe."

Nikamwambia aache wivu.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua imefika. Imepiga mabati hadi tukaongea kwa ishara.

Alhamisi, 2 Aprili

Anaenda nayo kazini, kwenye zile nyumba za kupanga wanazoezeka hapa hapa Free Area. Bethwel amempandisha juu kumjaribu kabla ya Kuresoi. Anasema msumari unazama mapigo machache tu. Kuna mwenzake anaitwa Ogola, jitu kubwa, mmoja wa wale watatu wa Kuresoi. Alipoiona alimwambia, "Niaje fundi, mathe amekununulia mzinga?" Nikasema huyo Ogola ana wivu kama Khaemba.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Matope yameingia hadi sebuleni.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nimekutana na mke wa mchungaji, nikamweleza habari za nyundo. Alikuwa ameshazisikia. Nikamweleza tena.

Jumatatu, 13 Aprili

Immaculate amekula ugali kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza, akasema amelalia mkono vibaya.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo nilimpelekea chakula kazini, githeri kwenye kontena, na kusema kweli nilitaka pia nionekane kama mama yake. Mvua ilikuwa imetulia. Nilisimama chini, nikatazama juu.

Kwanza nilifurahi. Nyundo ilipanda, ikashuka, mbao zikalia. Halafu nikaona kitu. Akipiga mara chache anaacha. Anahamisha nyundo kushoto, anakunja na kukunjua vidole, anaanza tena. Msumari mmoja ulipinda. Mwingine akaukosa kabisa, vile vijimeno vikatafuna mbao. Kando yake Ogola anapiga na nyundo ya mpini wa mti, wala hana haraka, na amemwacha mbali. Nilitazama ile nyundo ya Ogola. Ni ndugu ya ile Immaculate alijaribu siku ile kwenye gogo.

Bethwel alikuja kusimama karibu nami. Ni mtu mwembamba, haangalii mtu usoni, anaangalia mbao. "Mama," akasema, "tunapanda Kuresoi tarehe nne mwezi wa tano. Huyu msichana ana jicho. Akikata hakosei. Lakini mkono ukichoka kabla ya saa nne, siwezi kumweka juu. Juu kuna kuteleza."

"Unasema hivyo kwa sababu ni msichana."

"Nasema hivyo kwa sababu ni juu."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia. Nilisema maneno yote niliyo nayo kuhusu Bethwel, njia nzima, peke yangu, kwenye matope. Nilipofika mlangoni yalikuwa yameisha, na kilichobaki ni vile vidole vya mtoto wangu vinavyojikunja na kujikunjua.

Ijumaa, 17 Aprili

Amerudi, nimemshika mkono kwa nguvu nikakunja sweta. Kiwiko kimevimba, kina joto kama chapati.

"Tangu lini?"

"Sio mbaya, Mami."

"Immaculate. Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

Nikapandisha sauti. Nilisema wewe ndiye fundi, ulijua, ulisema mwenyewe kwa Darweshi, mbona hukuiweka chini? Kwani nyundo imekufunga kamba?

Akaongea akitazama sakafu. "Na ningeiweka wapi, Mami? Akina Njoki watakuja kuiona. Umeambia kanisa nzima. Umeambia mtu wa maji. Nikienda dukani naulizwa, wewe ndiye yule wa mkono wa dume? Nilifikiria nikivumilia, mkono utazoea, na wewe hutapata aibu."

Nikawasha jiko.

Nimechemsha maji ya chumvi nikamkanda. Kama alilia, alilia kwa upande wa ukuta.

Jumapili, 19 Aprili

Sikusikia mahubiri leo. Nilikuwa nahesabu watu niliowaambia, nikapoteza hesabu.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeenda kwa Darweshi peke yangu, mvua ikinifuata. Nilimuuliza kama naweza kuirudisha.

"Mama yangu, imeshapigiwa misumari. Nitamuuzia nani?" Alisema kwa upole, hakunicheka. "Ile ya mpini wa mti nayo imeondoka. Mzigo mwingine mpaka Juni. Mimi wale kina mama niliwauliza, hii ni ya nani? Wakasema, ya binti wa Mama Immaculate, yule mwenye mkono kama wa dume. Nikafikiri basi ni binti mwingine."

Nilinunua misumari ambayo siihitaji, nikatoka.

Jumatano, 22 Aprili

Immaculate anasema Ogola yuko tayari kubadilishana naye hata kesho. Ile kubwa ameipenda tangu siku ya kwanza, mzaha wote ule ulikuwa wa tamaa. Lakini amemjibu hapana. "Ni ya chama, Mami. Haitoki."

Anayo haki. Kitu cha chama hakitoki nyumbani bila chama. Khaemba anasema wabadilishane tu, kisha nikiulizwa niseme nyundo iko kazini. Haitakuwa uongo. Itakuwa kazini kweli, kwa Ogola.

Nimelipenda hilo wazo sana. Ndiyo maana linanitisha.

Jumamosi, 25 Aprili

Chama kilikuwa kwa Njoki. Nimetoka huko sasa hivi, na nguo bado zimelowa.

Tulipomaliza chai Njoki alifungua kikao. "Tuanze na vyombo. Mama Immaculate, nyundo yetu inaendeleaje?"

Wote wakageuka, nyuso zimechangamka. Wamezoea. Mimi nikisimama ni kama redio imewashwa. Jibu la Khaemba lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikasimama.

"Nyundo ni nzuri," nikasema. "Mkono wa mtoto umevimba."

Nyuso zikashuka.

"Nyinyi hamna kosa. Mimi nilisema ana mkono kama wa dume. Mkono wake ni kama huu." Nikauinua wangu, ambao unajulikana, ni mdogo hata bangili za watoto zinanitosha. "Alikuwa amechagua nyundo yake kwa Darweshi, ya uzito wake. Mimi nikaona haitatosha macho ya watu. Sasa mwezi mzima hajabeba nyundo, amebeba maneno yangu. Kuna fundi mwenzake ana inayomfaa, anakubali wabadilishane. Nimekuja kuomba ruhusa. Mkinikatalia, Bethwel atamwacha chini. Mkitaka kunifuta kama yule wa thermos, nifuteni mimi, lakini mkono wa mtoto muuachilie."

Njoki alikuwa amenuna. "Mama Immaculate, hiyo kitu niliibeba mimi kutoka mjini. Kwa mkono. Bega lilikufa ganzi siku mbili! Tulikuwa tunajua tunakufurahisha."

"Mlinifurahisha."

"Na ulipiga vigelegele!"

"Nilipiga."

Hapo Akoth akaweka kikombe chini. Nilijua amenipata, nikajikaza. Lakini alimgeukia Njoki. "Wewe uliibeba siku moja, na ikiwa imefungwa leso, na mpaka leo unalia bega. Yule mtoto anaiinua juu ya kichwa kuanzia asubuhi. Hebu tuambie, Mwenyekiti, nani apewe pole hapa?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, na Njoki mwisho, bila kutaka.

Wakanitoa nje wajadiliane. Nilisimama chini ya paa la choo, maji yakinidondokea shingoni. Waliponiita, Njoki alisoma uamuzi kama hakimu. Ruhusa imetolewa. Nyundo itakayokuja kwa Immaculate ndiyo itakuwa ya chama, na iletwe ionekane. Lakini kuna faini.

"Nitapika," nikasema haraka. "Nitawapikia kuku."

"Hatutaki kuku," Njoki akasema. "Kwenye chama hiki hutamtaja Immaculate. Jina lake, kazi yake, hata kikohozi chake. Mpaka viazi vya Kuresoi viingie ghalani."

"Si hiyo ni hadi mwezi wa saba!"

"Umeanza," Akoth akasema.

Nimemsimulia Khaemba. Amecheka hadi akashika ukuta. Tangu nimwoe, na ni mimi nilimwoa, sijamwona akicheka hivyo.

Jumatatu, 27 Aprili

Wamebadilishana. Ogola alikuja mwenyewe na nyundo yake, mpini umeng'aa kwa jasho. Akaichukua kubwa, akaizungusha kama fimbo ya gwaride. "Mathe, hii ndiyo mashine!" Nikampa chai. Akiondoka alisimama mlangoni, akapunguza sauti. "Mwambie apumzike wiki hii, asijifanye ngumu. Mimi nitakata mahali pake." Nilimfikiria vibaya sana huyu kijana.

Alhamisi, 30 Aprili

Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Uvimbe umeshuka. Nimemkataza hata kusonga ugali. Khaemba ndiye amesonga, na tumekula hivyo hivyo.

Jumamosi, 2 Mei

Leo Bethwel alikuwa anamwangalia kwa mara ya mwisho. Nilitaka kwenda. Immaculate alisema, "Mami, tafadhali usikuje." Basi nikabaki. Nilifagia, nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Saa nne ilipofika nilikaa kwenye ndoo, nikaona nimenyoosha mkono wangu wa kulia kwenye goti, kama nampumzishia.

Alirudi mchana, matope hadi magotini. Akavua viatu, akaviweka sawasawa.

"Sema basi!"

"Amesema nibebe koti ya mvua. Kuresoi kuna baridi."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Kwa Bethwel? Hiyo ni hotuba, Mami."

Nilimshika uso, na huo mkono wake nikaubusu kwenye kiwiko. Kisha nikatoka nje kutafuta mtu wa kumwambia. Chama ndicho nimekatazwa, majirani hawakutajwa. Lakini nilifika kwenye lango, nikasimama hapo kidogo, nikarudi ndani kumpangia nguo.

Jumatatu, 4 Mei

Wameondoka. Ogola alimbebea begi, yeye nyundo akabeba mwenyewe.

Jumatatu, 11 Mei

Amepiga simu. Ukungu mzito, mbao zinalowa, wanangoja jua ndipo wapande. Mkono uko sawa. Ameuliza baba yake amekula nini.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Hakuna simu. Nimemkumbuka Bethwel kwenye maombi, kwa jina.

Jumanne, 26 Mei

Amepiga! Mbao zote za paa zimesimama, kutoka ukuta hadi ukuta. Ile ya juu kabisa, mgongo wa paa, upande mmoja umepigiliwa na Ogola na upande wa pili na Immaculate. Wakakutana katikati. Anasema alipoketi pale aliona mashamba ya viazi hadi yanapoishia.

Nimeambia Khaemba. Amesema, "Mm," halafu akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda mrefu.

Jumamosi, 30 Mei

Chama, kwa Akoth. Nilikwenda nikiwa nimebana midomo kama mtu mwenye jino bovu. Habari yote ilikuwa hapa kooni. Chai ikapita, maandazi yakapita. Wananitazama, nawatazama. Akoth akaniuliza, "Mama Immaculate, kwema nyumbani?" Nikasema, "Kwema." Akaongeza, "Kwa wote?" Nikasema, "Mvua imepungua kidogo." Wakaumia. Niliwaona wakiumia, nami nikawa naumia zaidi.

Kisha Njoki akasimama. Sio kama mwenyekiti. Alivua leso, akaifunga kiunoni.

"Jumatano nilienda kuangalia viazi Kuresoi," akasema. "Nikasema wacha nipitie kwa lile ghala. Jamani! Paa kama la uwanja wa ndege. Na juu yake nani? Mtoto wetu. Amekaa kule mawinguni, anawapa wanaume amri! Leta msumari! Sogeza mbao! Wanakimbia! Nikauliza mtu wa pale, huyo ni nani, akasema huyo ndiye mkubwa wao. Nikamwambia, unamjua? Huyo ni wa chama chetu, Free Area!"

Vigelegele. Akoth alipiga meza, chai ikamwagika.

Sasa mimi najua mkubwa wao ni Bethwel. Najua amri kule ni za Bethwel, na Immaculate akitaka msumari anaomba kama wengine. Na mgongo wa paa Njoki hakuutaja hata kidogo, ndio jambo lenyewe! Nikafungua mdomo.

"Faini," Akoth akasema.

Nikaufunga. Njoki akachukua andazi la pili, akaanza tena tangu mwanzo kwa ajili ya waliochelewa, na safari hii lile paa lilikuwa limeongezeka.